Swichi ya Taa Inapopata Moto: Onyo Ambalo Fyuzi Haitoi



Katika toleo hili tumeona vema kueleza hitilafu moja ya gari ambayo wengi huidharau: kupata moto kwa swichi ya taa kubwa za mbele, hasa katika magari ya zamani. Sisi si mafundi, wala hatutaki kuwanyang'anya mafundi kazi yao. Lakini sisi ndio tunaoitwa usiku gari linapoacha barabara au linapoanza kutoa moshi, na yapo mambo tuliyojifunza humo ambayo dereva, mmiliki na hata abiria angefaa kuyajua kabla hatujaitwa.

Jioni moja, baada ya siku ya soko la Mpondwe, tulikuwa kizuizini katika barabara itokayo Bwera kwenda Kikorongo. Tuliziona taa za gari likija upande wetu, kisha ghafla hatukuona kitu. Mngurumo wa injini ulizidi kusogea, lakini gari lenyewe lilikuwa limemezwa na giza. Askari walijiweka tayari, kwa maana gari linalozima taa likikaribia kizuizi usiku, mahali kama hapa petu mpakani, huweza kufasiriwa kwa namna nyingi na karibu zote ni mbaya. Gari lilisimama hatua chache kutoka tulipokuwa. Ndani mlikuwa na dereva aliyelowa jasho, akina mama wanne na vikapu vyao vya samaki. Neno la kwanza la dereva lilikuwa hili: "Afande, sikuzima mimi. Zimezimika zenyewe."

Alisema kweli. Tulipogusa swichi iliyo kando ya usukani tuliondoa mkono upesi, kwani plastiki yake ilikuwa imelainika. Alitueleza kuwa taa zake zilianza kufifia miezi kadhaa nyuma. Akanunua balbu zenye nguvu zaidi. Baada ya siku chache fyuzi ikakatika, naye akashauriwa aweke fyuzi kubwa. Kila hatua aliichukua kwa nia njema, na kila hatua ilimsogeza karibu zaidi na giza lile. Makala haya yanaeleza kwa nini ilikuwa hivyo, na nini kingepaswa kufanywa badala yake.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Barabara ya kutoka Kasese hadi Mpondwe hupita Kikorongo, penye mstari wa ikweta, na sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Tembo, nyati na viboko hawangoji mchana ili kuvuka barabara. Kiboko hasa hutoka majini usiku kwenda malishoni. Kuanzia Kinyamaseke hadi Bwera, barabara hiyohiyo hutumiwa na waendao kwa miguu, wenye baiskeli na waendesha bodaboda, na pia malori yanayopeleka bidhaa Kasindi, Beni na Butembo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva anayepoteza taa na kuchukua sekunde tatu tu kutambua lililotokea amekwisha kwenda mita 66 bila kuona alama, mnyama wala mtoto.

Jua letu nalo halituachii muda mrefu wa kujitayarisha. Kwa kuwa tuko ikweta, giza huingia mwaka mzima karibu na saa moja jioni, tena huingia upesi. Msafiri anayetoka Kasindi hana budi kukumbuka pia kuwa saa ya upande wa Kongo iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Anayetazama saa yake na kuona saa kumi na moja na nusu hudhani ana muda wa kutosha wa mwanga. Saa ya Uganda ni saa kumi na mbili na nusu, na kabla hajafika Kikorongo itambidi kuwasha taa. Hapo ndipo swichi mbovu huanza kazi ngumu ya usiku.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Hata hivyo magari mengi yaliyoingia kabla ya hapo yangali barabarani, yakibeba abiria na mizigo kila siku. Swichi za magari hayo zimewashwa na kuzimwa maelfu ya mara. Kuchakaa kwake si ajabu. La hatari ni kuchakaa bila mwenyewe kujua.

Umeme upitapo mahali pembamba

Katika magari mengi ya zamani, umeme unaowasha taa kubwa hupita ndani ya swichi yenyewe ambayo dereva huishika kwa vidole. Ndani ya swichi mna ndimi ndogo za shaba zinazogusana wakati wa kuwasha na kuachana wakati wa kuzima. Balbu za kawaida za magari mengi zina wati 55 kwa taa za chini na wati 60 kwa taa za juu. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110. Tukigawa kwa volti 12 za betri tunapata ampea 9 na ushei. Huo ni mkondo mkubwa kwa ndimi zisizozidi ukubwa wa ukucha.

Swichi ikiwa mpya, ndimi hugusana barabara na umeme hupita bila taabu. Miaka inapopita, kila zinapoachana cheche ndogo huruka na kuacha weusi juu ya shaba. Vumbi huingia, na unyevu huleta kutu. Springi inayozibana hulegea. Mahali pa kugusana hupungua, na umeme uleule hulazimika kupita kwenye nafasi ndogo zaidi. Hali hiyo ndiyo mafundi huiita ukinzani.

Fikirini lango la mpakani siku ya soko. Lango likiwa wazi lote, watu wengi hupita na hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Likifunguliwa nusu, watu wachache zaidi hufika ng'ambo, na hapo langoni penyewe huwa pana msongamano, msukumano na joto. Ndivyo ilivyo katika swichi iliyochakaa. Umeme unaofika kwenye balbu hupungua, kwa hiyo taa hufifia. Na nguvu iliyopotea njiani hugeuka kuwa joto palepale ndani ya swichi.

Joto hilo laweza kuhesabiwa. Ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ambao ni mdogo mno, ukipitiwa na ampea 10 huzaa karibu wati 10 za joto. Mkondo ukiongezeka, joto haliongezeki kwa kiasi kilekile; mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Balbu kubwa za wati 100 kwa taa za juu huvuta zaidi ya ampea 16. Kwa ukinzani uleule, joto ndani ya swichi hufika karibu wati 25, ambalo ni sawa na la chuma cha kuyeyushia risasi anachotumia fundi wa redio. Hakuna plastiki ya swichi iliyotengenezwa kustahimili chuma cha namna hiyo ndani yake safari nzima kutoka Bwera hadi Kasese.

Hapa ndipo kosa la dereva wetu linapofahamika. Taa zake zilififia kwa sababu swichi ilikuwa inakula umeme njiani. Balbu ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake, kwa hiyo hasara ndogo katika swichi huonekana kubwa barabarani. Yeye alidhani ugonjwa uko kwenye balbu. Alipoweka balbu kubwa, alizidisha mkondo. Mkondo ukazidisha joto. Joto likaharibu ndimi zaidi. Na ndimi zilizoharibika zikazidisha joto tena.

Kwa nini fyuzi hukaa kimya

Madereva wengi hutuambia: "Kungekuwa na hatari, fyuzi ingekatika." Imani hii ndiyo tunayotaka kuisahihisha kuliko nyingine zote.

Fyuzi imewekwa kuzuia mkondo uliozidi kiasi, kama ule wa shoti, yaani waya unapogusa bodi ya gari. Turudi kwenye mfano wa lango. Fyuzi ni kama karani aliyeketi kando ya njia akihesabu wanaopita. Wakizidi idadi, hufunga njia. Lakini lango likiwa limefunguliwa nusu, idadi ya wanaopita hupungua. Karani hesabu yake inampa utulivu, na haoni kuwa huko langoni watu wanaumia. Vivyo hivyo swichi iliyochakaa hupunguza mkondo badala ya kuuongeza. Swichi yaweza kuyeyuka na waya zake kuungua ganda, fyuzi ikiwa nzima kabisa.

Kuhusu dereva wetu, fyuzi yake ilikatika kwa sababu ya balbu kubwa. Lilikuwa onyo la mwisho, na jibu lililotolewa lilikuwa kumnyamazisha mwonyaji. Fyuzi ya ampea 15 ikiondolewa na kuwekwa ya 30, au kipande cha waya kama tunavyokuta mara kwa mara, kitakachokatika kwanza hakitakuwa fyuzi tena. Itakuwa swichi, au waya uliofichika nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva.

Dalili za kutazamwa

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Swichi nayo hutoa dalili mapema kwa mwenye kuzijali:

1. Swichi au mkono wake huwa na joto linalohisika kwa kidole baada ya taa kuwaka dakika 15 au 20. Uvuguvugu kidogo si ajabu. Joto linalomfanya mtu aondoe kidole ni hatari.

2. Harufu ya plastiki iliyoungua husikika karibu na usukani usiku, na hutoweka mchana.

3. Taa huwaka na kuzimika swichi inapotikiswa, au dereva amezoea kuipiga au kuishikilia mahali fulani ili taa zikae.

4. Taa huwa na nguvu mwanzo wa safari na kufifia kadiri muda unavyokwenda.

5. Taa zote mbili hufifia kwa pamoja. Ikiwa ni moja tu, mara nyingi kasoro iko kwenye balbu, plagi yake au waya wake wa bodi.

6. Plagi iliyo nyuma ya swichi ina rangi ya kahawia, imepinda, au ganda la waya limekuwa gumu na kupasuka.

Abiria nao wana haki ya kusema. Harufu ya kuungua ndani ya gari si jambo la kuvumiliwa kwa adabu. Mwambieni dereva asimame mahali salama, na dereva asilichukue neno hilo kuwa ni dharau.

Namna ya kupima

Kupima hakuhitaji mitambo mikubwa. Mita ya kawaida ya umeme, ambayo kila fundi wa umeme wa magari anayo, yatosha. Siri yake ni kupima taa zikiwa zinawaka, kwa sababu swichi mbovu isiyopitisha mkondo huonekana nzima.

Kwanza, taa za chini ziwashwe injini ikiwa imezimwa, na volti zipimwe kwenye vichwa vya betri. Betri nzuri itaonyesha volti 12 au zaidi kidogo.

Pili, volti zipimwe kwenye balbu, mita ikiingizwa kwa nyuma ya plagi wakati plagi ingali imechomekwa. Tofauti kati ya kipimo hiki na kile cha betri ndiyo hasara yote ya njiani. Ikiwa volti moja au zaidi imepotea, mahali ilipopotelea hapana budi kutafutwa.

Tatu, mita iwekwe kwenye waya mbili za swichi, ule uingizao umeme na ule uutoao, taa zikiwa bado zinawaka. Swichi nzuri huonyesha chini ya volti 0.2. Ikionyesha zaidi ya 0.5, swichi au plagi yake imechakaa. Kipimo hiki hufaa hata katika magari ambayo swichi imewekwa upande wa hasi.

Nne, waya wa bodi upimwe kwa njia hiyohiyo, kutoka kwenye balbu hadi kichwa hasi cha betri. Hapa pia volti isizidi 0.2. Bolti yenye kutu mahali waya unapofungwa kwenye bodi huweza kufifisha taa, na swichi ikalaumiwa bure.

Tano, injini iwashwe. Volti kwenye betri ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Zikizidi 15, altaneta inachaji kupita kiasi, na hakuna swichi wala balbu itakayodumu mpaka irekebishwe.

Mwisho, balbu zenyewe zitolewe na kusomwa. Wati huandikwa kwenye kitako chake. Izingatiwe pia kama kuna taa za nyongeza, kama vile za ukungu, zilizounganishwa kwenye swichi ileile. Mzigo huo swichi haikupangiwa.

Namna ya kutengeneza

Kabla ya kugusa chochote, waya hasi wa betri ufunguliwe. Ikiwa usukani una maandishi SRS au AIRBAG, ujue mna mfuko wa hewa ndani yake. Kazi hiyo iachiwe fundi anayeifahamu, naye angoje dakika kadhaa baada ya kufungua betri. Mfuko huo ukifyatuka usoni mwa mtu huweza kumjeruhi vibaya.

Hatua ya kwanza ni kurudisha balbu za kipimo cha kiwanda, na fyuzi yenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku chake.

Hatua ya pili ni plagi. Vichwa vya waya vilivyoungua vikatwe hadi mahali shaba inapong'aa, kisha vibanwe vipya kwa koleo. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe ni ukinzani mpya unaowekwa mahali pa ule wa zamani.

Hatua ya tatu ni swichi yenyewe. Ikiwa plastiki ni nzima na ndimi zimepata weusi tu, fundi aweza kuzisafisha kwa msasa laini na dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Tunasema wazi kwamba hiyo ni tiba ya muda. Springi iliyolegea kwa joto hairudi ujanani. Swichi iliyoyeyuka au kupinda ibadilishwe. Anayenunua ya mtumba aikague plagi yake kwanza. Yenye rangi ya kahawia imetoka kwenye gari lililokuwa na ugonjwa huohuo.

Hatua ya nne ndiyo ya maana kuliko zote, nayo mara nyingi huachwa: kuipunguzia swichi mzigo. Swichi mpya ikiwekwa na mkondo wote ukaendelea kupita ndani yake, itachakaa kama ile ya kwanza. Dawa yake ni rilei. Rilei ni kisanduku kidogo chenye swichi ndani, kinachowashwa na umeme kidogo ili kiruhusu umeme mwingi upite kwa njia nyingine. Mkono wa dereva hutoa amri tu, na rilei ndiyo inayobeba mzigo. Mkondo unaopita katika swichi hushuka kutoka ampea 9 au 10 hadi chini ya ampea moja, na joto huisha.

Ziwekwe rilei mbili, moja ya taa za chini na moja ya taa za juu. Miguu ya rilei za kawaida ina namba. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi mpya iliyo karibu na betri. Mguu wa 87 huupeleka kwenye balbu kwa waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Mguu wa 86 huunganishwa na waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye balbu, ambao sasa kazi yake ni kutoa amri tu. Mguu wa 85 hufungwa kwenye bodi. Ni busara taa ya kushoto na ya kulia ziwe na fyuzi tofauti, ili moja ikikatika dereva abaki na taa ya kumfikisha mahali salama. Rilei zifungwe mahali pasipoingia maji, miguu yake ikitazama chini.

Mafundi tunawaomba wazingatie mambo mawili. Yapo magari, ya Japani hasa, ambayo swichi yake hukata upande wa hasi, na balbu hupata chanya wakati wote. Mpango tulioueleza hauwezi kuwekwa humo bila kubadilishwa, kwa hiyo fundi apime kabla ya kukata waya. Tena malori na mabasi makubwa hutumia volti 24. Rilei na balbu za volti 12 hazifai humo hata kwa usiku mmoja.

Kazi ikiisha, taa ziwashwe nusu saa na swichi iguswe. Kisha vipimo virudiwe. Fundi mwaminifu hataona haya kumwonyesha mwenye gari namba kwenye mita kabla na baada ya kazi.

Neno kuhusu balbu za LED na taa za kuvuka mpaka

Wako wanaouliza kama balbu za LED si jibu, kwa kuwa huvuta umeme mdogo. Ni kweli swichi hupumzika. Lakini kioo cha taa kilichoundwa kwa balbu ya kawaida mara nyingi hutawanya mwanga wa LED ovyo, na dereva anayekuja mbele hupofuka. Kumwokoa mwenye swichi kwa kumtia upofu mwenye bodaboda si matengenezo.

Jambo hilo hukuzwa na mpaka wetu. Sisi huendesha kushoto, na taa zetu za chini zimepangwa kuinua mwanga kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ng'ambo ya Kasindi huendeshwa kulia, na mwanga uleule huangukia macho ya wanaokuja. Anayevuka mpaka usiku apunguze mwendo na aepuke taa za juu palipo na watu.

Taa zikizimika ukiwa safarini

Dereva asikanyage breki kwa nguvu, kwa maana aliye nyuma yake huenda haoni pia. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawasawa na kuwasha taa za dharura, ambazo kwa kawaida zina njia yake ya umeme. Katika magari mengi, kuvuta mkono wa swichi kama mtu anayemwashia mwenziwe ishara huwasha taa za juu hata kama swichi kuu imekufa. Mwanga huo wa muda hutosha kuonyesha ukingo. Asimame kushoto nje ya lami na kuweka pembetatu ya onyo. Ndani ya hifadhi, abiria wasitawanyike nje ya gari. Kwa msaada, wapigiwe polisi kwa namba 999 au 112.

Ukionekana moshi, swichi ya taa na ufunguo vizimwe, abiria washuke kwanza, kisha waya hasi wa betri uondolewe ikiwa yawezekana bila hatari. Kizimamoto cha unga mkavu kiwe karibu na kiti cha dereva. Kilichofunikwa na magunia nyuma ya gari ni kama hakipo.

Anayekaribia kizuizi chetu bila taa asimame mbali, awashe taa ya ndani na kungoja tumfikie. Hilo hulinda yeye nasi pia. Kuendesha gari lililo katika hali ya hatari ni kosa chini ya Sheria ya Barabara na Usalama Barabarani ya 1998, nasi tumeapa kuisimamia. Lakini dereva asimamaye kwa hiari na kueleza hitilafu yake ametusaidia, na hakuna askari mwenye busara asiyeona tofauti kati yake na anayejaribu kupenya gizani.

Dereva wa usiku ule aliliacha gari lake kizuizini hadi asubuhi, na akina mama tukawatafutia gari jingine. Fundi alipofungua kifuniko cha usukani alikuta waya mbili zimeyeyuka ganda na kukaribia kugusana. Siku kadhaa baadaye alipita tena, akasimama bila kuitwa, na kutuambia tuguse swichi yake. Alikuwa ametoka Bwera taa zikiwaka, na swichi ilikuwa baridi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla hamjaondoka, washeni taa zenu kwa dakika 20 na kuweka kidole juu ya swichi. Fyuzi haitawaambia lolote, kidole kitawaambia.